Ivan wa Tatu: mtawala aliyeiondoa Moscow mikononi mwa Watatari

Kwa zaidi ya miaka 200, watawala wa Urusi waliomba ruhusa ya kutawala kwa khani wa Watatari, na kumlipa kodi. Ivan wa Tatu, mtawala mkuu wa Moscow, ndiye aliyekomesha utumwa huo mwaka wa 1480. Lakini raia wake pia walilipia kazi yake bei kubwa.

Utawala huo wa kigeni ulianza pale majeshi ya Batu, mjukuu wa Genghis Khan, yalipobomoa miji ya dola ya Rus. Kiev, mji wake mkuu, katika Ukraine ya leo, ulianguka mwaka wa 1240. Dola hiyo ilibaki vipande vipande, kila kipande na mtawala wake.

Mtoto wa baba kipofu

Ivan alizaliwa Moscow tarehe 22 mwezi wa kwanza 1440. Alikuwa na miaka sita tu wakati Dmitry Shemyaka, ndugu wa ukoo aliyegombania kiti, alipomkamata baba yake, Vasily wa Pili, na kumtoboa macho. Vasily alirudi madarakani mwaka uliofuata, na kijana wake akakua akimsaidia kutawala. Mwaka wa 1462 baba alifariki, Ivan akachukua kiti akiwa na miaka 22.

Alipanua nchi yake kwa subira. Yaroslavl iliingia chini yake mwaka wa 1463. Sehemu ya Rostov iliyobaki aliinunua mwaka wa 1474. Tver, mpinzani wa siku nyingi wa Moscow, ilisalimu amri mwaka wa 1485.

Kengele ya Novgorod

Mji uliompinga zaidi ni Novgorod, uliotajirika kwa kuuza manyoya ya wanyama na nta kwa wafanyabiashara wa Ujerumani. Wakaaji wake walikuwa na baraza lao, lililoitwa kwa mlio wa kengele. Walipotafuta ulinzi kwa Casimir, mfalme wa Poland, Ivan aliwapiga kwenye mto Shelon mwaka wa 1471. Mwaka wa 1478 alivunja baraza hilo na kupeleka kengele yake Moscow. Mashamba ya matajiri wa Novgorod aliyanyang'anya, akawagawia askari wake.

Majeshi mawili kando ya mto

Mwaka wa 1480, khani Akhmat alikuja na jeshi lake hadi mto Ugra, akimtegemea Casimir aje kumsaidia. Casimir hakutokea, kwani khani wa Crimea, rafiki wa Ivan, alishambulia ardhi yake. Ndugu za Ivan, waliokuwa wamemwasi, walipatana naye na kuleta askari.

Warusi walizuia vivuko kwa mizinga na mishale. Wakati fulani Ivan aliacha jeshi na kurudi Moscow, ambako watu walimwona mwoga. Baadaye alirudi karibu na jeshi, akaendelea kungoja. Wiki zikapita, baridi ikakaza, mto ukaganda. Mwezi wa kumi na moja Akhmat aliondoka bila vita kubwa, na miezi michache baadaye akauawa na Watatari wenzake.

Heshima na gereza

Mke wake wa pili, Sofia, aliyemwoa mwaka wa 1472, alikuwa binti wa ndugu ya kaisari wa mwisho wa Konstantinopoli. Ivan aliwaita mafundi kutoka Italia kujenga upya Kremlin, na tai mwenye vichwa viwili akawekwa kwenye muhuri wake.

Ndani ya familia hakuwa na huruma. Ndugu yake Andrei alifia gerezani mwaka wa 1493. Mjukuu wake Dmitry alitawazwa kuwa mrithi mwaka wa 1498, kisha akafungwa mwaka wa 1502, nafasi yake ikapewa Vasily, mtoto wa Sofia. Dmitry hakutoka tena gerezani.

Ivan alifariki tarehe 27 mwezi wa kumi 1505, akiacha nchi iliyokua karibu mara tatu. Aliacha pia sheria ya 1497, iliyowaruhusu wakulima kuhama shamba la bwana wao kwa wiki mbili tu kwa mwaka, baada ya mavuno. Watawala waliofuata waliwanyima hata wiki hizo. Wajukuu wa wakulima hao walingoja hadi mwaka wa 1861 kupata uhuru wao.