Mtakatifu Augustino na Siku ya Leo

Kila tarehe 28 Agosti Kanisa humkumbuka Mtakatifu Augustino. Kwetu Singida sikukuu hiyo huangukia kiangazi: mtama na uwele vimekwisha vunwa, na mvua ingali mbali. Ndio wakati ambapo wengi husema mambo yao yatatengenezwa mvua ikija. Kwa hiyo twaona yafaa tuyatazame maisha ya Mwafrika huyu, aliyeujua vema uchungu wa neno kesho.

Alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye kusali sana. Augustino alisoma Karthago, akawa mwalimu wa ufasaha, na mwaka 384 akaenda kufundisha Milano, Italia. Akili yake ilikuwa nyepesi, bali moyo wake ulikuwa mzito. Miaka mingi alikaa na mwanamke pasipo ndoa, wakamzaa Adeodato. Aliomba aongoke, lakini si siku ileile.

Mwaka 386, akiwa bustanini, alisoma maneno machache ya Mtume Paulo, asiahirishe tena. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosi, pamoja na mwanawe. Mwaka huohuo, walipokuwa safarini kurudi Afrika, Monika alifariki Ostia. Mama aliyemlilia miaka mingi alikaa naye katika ubatizo miezi michache tu.

Baadaye, akiwa Askofu wa Hippo, aliandika kitabu cha Maungamo, na humo akauliza wakati ni kitu gani. Aliona kwamba yaliyopita hayapo tena, nayo yajayo hayajawapo. Yaliyopita tunayo katika kumbukumbu, yajayo katika kutazamia. Akatoa mfano wa mtu asemaye zaburi aliyoihifadhi moyoni: kabla hajaanza, yote i katika kutazamiwa, akiendelea, neno baada ya neno laingia katika kumbukumbu. Lakini kinywa chake hutamka sasa tu.

Hatusemi mkulima asiweke akiba, wala asitie jembe mpini kabla ya mvua. Hiyo ni kazi ya leo. Twasema juu ya ndoa isiyobarikiwa mwaka hata mwaka, ugomvi wa ndugu ungojao mavuno, na mzazi mzee ambaye safari ya kumwamkia huahirishwa kila mwezi.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino, mwenye umri wa miaka 75, alikuwa kitandani, mgonjwa. Aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani, akazisoma kwa machozi siku kwa siku, hata akafariki tarehe 28 Agosti. Adui alikuwa langoni, na hakuna aliyejua kesho ya mji. Yeye alikuwa na kazi ya siku ile, akaifanya. Nasi tuifanye yetu kabla jua halijatua.