Mwokoaji Mwenye Kidonda



Nilipowatembelea waathirika wa mafuriko, niliona aibu kulia mbele yao. Baadaye nikamkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis. Jamaa alikuwa askari, kamari ikamfilisi kabisa. Mwaka 1575 akaongoka, akahudumia wagonjwa Roma, akapata upadre mwaka 1584 na kuanzisha shirika la kuwauguza. Mwaka 1598 mto Tiber ulipofurika, aliwabeba wagonjwa wa Hospitali ya Santo Spirito kuwapeleka ghorofa ya juu. Na mguu wake mwenyewe ulikuwa na kidonda kilichomtesa zaidi ya miaka 40!

Kumbe hata anayebeba wengine anaumia. Ukizidiwa, usijikaze peke yako; mwambie mwenzako, pumzika, sali.

Mtakatifu Kamili, utuombee.