Padre Charles Sacleux wa Bagamoyo na Majina ya Maradhi ya Fahamu

Waamini wanaokwenda kuhiji Bagamoyo, wakishapita chini ya miembe mirefu iendayo baharini, huwa na desturi ya kusimama kidogo kwenye makaburi ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wengi hushangaa wanaposoma umri wa marehemu, kwani baadhi yao walifariki wangali vijana kabisa, wengine hata kabla ya kuijua vema lugha ya watu waliotumwa kwao. Kaburi la Padre Charles Sacleux halimo humo. Yeye alijaliwa maisha marefu, akafia kwao Ufaransa akiwa mzee wa miaka 86. Hata hivyo ni yeye aliyeacha alama kubwa kuliko wengi katika lugha tunayoitumia kusali, kuungama na kumweleza daktari mahali tunapoumwa.

Alizaliwa mwaka 1856 katika mkoa wa Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1879 akatumwa katika misioni ya Zanzibar na Bagamoyo. Misioni hiyo ilikuwa bado changa. Mapadre wa kwanza kutoka kisiwa cha Réunion waliingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1860 pamoja na masista, wakafungua hospitali. Baadaye kazi ikakabidhiwa Shirika, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akavuka kwenda Bagamoyo na kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kimbunga cha mwaka 1872 kilibomoa majengo karibu yote, yakajengwa upya. Padre Sacleux alipowasili alikuta kijiji cha Wakristo, shule, karakana, mashamba, na watu waliotoka pande nyingi za bara, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani, wote wakiunganishwa na Kiswahili.

Ndugu msomaji, tutafakari kwanza hali ya mmisionari wa siku zile mbele ya mgonjwa. Mama anamleta mtoto aliyekakamaa, macho yamegeuka juu, na neno analolisema ni moja tu: degedege. Padre atafanya nini na neno hilo? Angeweza kulipuuza kama ushirikina na kuandika la Kifaransa mahali pake. Padre Sacleux alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mwanabotania pamoja na kuwa mwanaisimu: alikusanya mimea ya pwani na kuipeleka Paris, na mwanabotania Henri Baillon, ambaye pia alikuwa tabibu, akaipa jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Mtu wa mimea hulichuma jani jinsi lilivyo, akaandika lilipoota. Vivyo hivyo Padre Sacleux aliyakusanya maneno. Aliandika linasemwa na nani na wapi: kama ni la Mrima, yaani pwani hii ya Bagamoyo, au la Unguja, la Mvita, la Lamu au la Ngazija, kama limetoka Kiarabu au lugha nyingine, na likiwa jina la mti, mti huo wataalamu wanauitaje.

Miaka aliyokaa pwani ilikuwa ya ajabu katika historia ya tiba. Alifika mwaka 1879. Mwaka uliofuata, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona kwa mara ya kwanza kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Padre aliondoka mwaka 1898, na mwaka mmoja kabla ya hapo Ronald Ross alikuwa amethibitisha huko India kwamba kimelea hicho hukua ndani ya mbu. Kwa hiyo, karibu muda wote aliokaa Zanzibar na Bagamoyo akiwazika wenzake waliouawa na homa, hata mabingwa wa Ulaya hawakujua kwa hakika homa ile hupitia wapi. Neno malaria lenyewe katika Kiitalia maana yake ni hewa mbaya. Wazungu waliamini kwamba mvuke wa vinamasi ndio unaoua, na imani hiyo ikabaki ndani ya jina mpaka leo. Nasi hapa pwani degedege tunalihusisha na ndege, kwa kuwa wazee waliamini kwamba kiumbe arukaye usiku humpitia mtoto. Majina yote mawili yamekosea juu ya chanzo. Juu ya dalili hayakukosea, kwani mama anayesema degedege anaeleza kwa usahihi kile anachokiona, na mara nyingi ni homa kali ya malaria iliyofika kwenye ubongo.

Ndivyo ilivyo pia kwa pepopunda. Ndani ya jina hilo mna pepo, na mna punda. Ni ugonjwa unaokaza taya na kuupinda mgongo wa mgonjwa kama upinde, na mtu asiyejua habari za vijidudu hangekosa kumfikiria pepo. Mwaka 1889 mtaalamu Mjapani, Kitasato, akifanya kazi Berlin, alifaulu kukitenga kijidudu chenyewe, kile kinachoishi udongoni na kuingia kwa njia ya jeraha, na ambacho sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Leo mama mjamzito hudungwa sindano ya pepopunda kliniki, na muuguzi hulitamka neno hilo mara nyingi kwa siku bila mtu yeyote kuwaza habari za pepo. Jina limebaki, hofu imetoka ndani yake.

Kuna neno moja linalofaa kuangaliwa kwa makini zaidi, nalo ni mshipa. Mwenyeji wa pwani huita mshipa kile kinachopitisha damu, na kile kinachomwuma mgongoni mpaka mguuni. Tena huweza kuita hivyo hata kano inayoshika nyama kwenye mfupa, au uvimbe wa kinena. Mgeni angesema lugha hii ni maskini, imekosa maneno. Lakini Wagiriki wa kale nao walipotamka neuroni walimaanisha kwanza kano na uzi wa upinde, na Kilatini na Kifaransa zikarithi mchanganyiko huohuo. Ulaya ilichukua karne nyingi kutenganisha kano na neva. Tena chembe hai ya neva haikupewa jina lake la sasa, neuroni, hadi mwaka 1891, na Mjerumani Waldeyer. Mwaka huohuo kamusi ya kwanza ya Padre Sacleux, ya Kifaransa kwa Kiswahili, ilichapishwa. Wataalamu wa Ulaya nao walikuwa bado wanatafuta maneno.

Lugha yetu ilijitengenezea njia yake. Tunasema mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na mtu yeyote anaelewa ni ipi inayopeleka damu na ipi inayopeleka habari. Mimi binafsi naona mishipa ya fahamu ni istilahi nzuri kuliko neva, kwa sababu inamfundisha msikilizaji kazi ya kitu chenyewe, ingawa sina ugomvi na wanaotumia neva. Kando yake yapo maneno ambayo hayakuhitaji kutungwa na kamati yoyote: ubongo, uti wa mgongo, ganzi, kizunguzungu, kupooza, kiharusi, na kipandauso kwa maumivu yale yanayoshika upande mmoja wa kichwa.

Na lipo neno kifafa, ambalo kwa mwana wa Shirika la Roho Mtakatifu halikuwa neno kama mengine.

Mwanzilishi wa pili wa Shirika hilo, Francis Libermann, alikuwa na kifafa. Alizaliwa mwaka 1802 huko Saverne, mtoto wa rabi wa Kiyahudi, akabatizwa Paris katika mkesha wa Noeli mwaka 1826, akaingia seminari mwaka uliofuata. Mwaka 1829, siku chache zikiwa zimebaki kabla ya kupewa ushemasi mdogo, alianguka kwa kifafa. Sheria ya Kanisa ya wakati ule ilimzuia mwenye ugonjwa huo kuendelea na madaraja. Kwa muda wa miaka kumi na miwili alikaa seminarini na katika nyumba za malezi bila kuwa padre, akifanya kazi ndogondogo, huku vijana wengi wakimjia kuomba ushauri wa kiroho. Alimwandikia kaka yake Samson, aliyekuwa daktari, akiutaja ugonjwa wake kwa maneno ya upendo, kama mtu anavyomtaja rafiki wa karibu. Ugonjwa ulipotulia alipewa upadre mwaka 1841, akaanzisha shirika la kuwahudumia Waafrika, ambalo mwaka 1848 liliunganishwa na lile la Roho Mtakatifu. Alifariki mwaka 1852, na mwaka 1910 Papa Pio X alitambua ushujaa wa fadhila zake. Hakuwahi kufika Bagamoyo. Lakini Padre Horner, Padre Sacleux na wote waliolala chini ya misalaba ile walikuwa wanawe.

Tusijifanye kwamba hofu ya kifafa ni ya waganga wa kienyeji peke yao. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliweka katika mstari mmoja watu watatu wasioweza kupewa daraja: mwenye kifafa, mwenye wazimu, na aliyepagawa na shetani. Ni sheria iliyotoka Roma, wala si imani ya kijijini. Sheria mpya za mwaka 1983 zimeondoa kabisa habari ya kifafa na ya kupagawa. Zinasema tu juu ya ugonjwa wa akili, na zinadai wataalamu waulizwe kwanza. Kwa hiyo Kanisa nalo limejifunza polepole kutenganisha maneno yaliyofungwa pamoja. Na sisi parokiani? Nani kati yetu hajawahi kuona kijana akianguka wakati wa Misa na benchi zima likahama? Wapo hata leo wanaoamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, na kwa sababu hiyo mtu huachwa aungue motoni au azame majini bila kuguswa. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na mtu mmoja akae naye mpaka azinduke. Ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali.

Umuhimu wa kusikiliza neno la mgonjwa ulionekana tena papa hapa Bagamoyo, karibu miaka mia moja baada ya Padre Sacleux kuondoka. Katika miaka ya tisini watafiti wa malaria walizunguka vijiji vya wilaya wakiwauliza wazazi juu ya degedege. Waligundua kwamba wazazi hawakulihesabu kuwa sehemu ya malaria. Homa ya kawaida walipeleka zahanati, lakini mtoto akikakamaa walimpeleka kwanza kwa mganga, maana waliona ni jambo la mashetani, na wengine waliogopa kwamba sindano ingemmaliza. Saa zilizopotea njiani zilikuwa saa za uhai wa mtoto. Kumwambia mama kwamba malaria inaua hakukutosha, kwa sababu moyoni mwake mtoto hakuwa na malaria, alikuwa na degedege. Ilibidi kwanza ajue kwamba hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Baadaye Bagamoyo ikawa miongoni mwa vituo vya Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto.

Kazi ya Padre Sacleux haikusimama alipoiacha pwani. Alirudi Ufaransa, akafundisha katika seminari ya Shirika huko Chevilly, karibu na Paris, huku vikaratasi vya maneno vikiendelea kuongezeka. Mwaka 1909 alitoa sarufi ya Kiswahili na nyingine ya lahaja zake. Kamusi yake kuu, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ilisubiri miaka thelathini mingine. Sehemu ya kwanza ilitoka Paris mwaka 1939, mwandishi akiwa na umri wa miaka 83. Vita vikaanza, Ufaransa ikavamiwa, lakini sehemu ya pili nayo ikachapishwa mwaka 1941, jumla ya kurasa zaidi ya 1,000. Wataalamu wa lahaja bado wanaifungua wanapotafuta neno la zamani la Mrima au la Ngazija ambalo kamusi nyingine hazina.

Alifariki mwaka 1943 huko Grasse, kusini mwa Ufaransa, miaka 45 baada ya kuiona Bagamoyo kwa mara ya mwisho. Katika karatasi alizoacha yalikutwa maneno mengi ya Kingazija na ya visiwa vingine vya Komoro, ambayo hakuwahi kuyachapisha. Yalipangwa na kutolewa kuwa kamusi mwaka 1979, miaka mia moja kamili tangu alipotumwa pwani.