Toktogul: Malenga Aliyepelekwa Siberia

Ndugu msomaji, tukitajiwa Waislamu wa nchi za mbali, wengi wetu akili huenda Misri, Uturuki ama Indonesia. Leo hebu twende Kyrgyzstan, nchi ya milima mirefu huko Asia ya Kati. Watu wake wengi ni Waislamu, na wazee wao waliishi kwa kuhamahama na kondoo na farasi. Huko muulize mtoto yeyote wa shule Toktogul Satylganov ni nani, atakwambia.

Toktogul alizaliwa mwaka 1864 katika bonde la Ketmen-Tobe, kwa wazazi maskini. Kipawa alikitoa nyumbani, maana mama yake, Burma, alisifika kwa nyimbo za maombolezo. Kijana akashika komuz, ala ya nyuzi 3 inayochongwa kwa gogo moja la mti wa aprikoti. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria gambusi letu la pwani.

Kwao malenga huitwa akyn. Hutunga papo kwa papo huku akipiga komuz, na wakikutana wawili hushindana mbele ya watu, huyu akitupa beti na yule akijibu. Sisi tuliozowea kujibizana kwa mashairi twaujua utamu wa mambo hayo! Toktogul, angali kijana, alimkabili Arzymat, malenga wa wakubwa wa pale, akamshinda. Hapo jina lake likavuma.

Lakini sifa haikumpa mali. Msichana aliyempenda, Alymkan, aliozwa tajiri. Wimbo aliomtungia unaimbwa mpaka leo.

Kilichomponza zaidi ni kusema kweli. Katika bonde lao walikuwako ndugu watano, watoto wa mkubwa mmoja, waliowaonea wanyonge. Toktogul akawatungia wimbo akawaita nguruwe watano. Msomaji, wewe mwenyewe wajua tusi hilo lina uzito gani kwa Waislamu! Wakaweka kinyongo.

Mwezi wa Mei 1898 watu waliinuka huko Andijan kupigana na utawala wa mfalme wa Urusi, wakiongozwa na Muhammad Ali, aliyejulikana kama Dukchi Ishan. Uasi ulizimwa upesi na viongozi wakanyongwa. Maadui wa Toktogul wakaipata nafasi yao, naye akashtakiwa kwamba alikuwa mmoja wa waasi. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha kazi ngumu Siberia, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Akamuaga mamake na watu wake kwa nyimbo.

Miaka ikapita. Mwishowe alitoroka, akarudi kwao baada ya safari ndefu ya taabu. Alikuta nini? Mwanawe, Topchubai, ameshakufa. Mkewe ameolewa na mtu mwengine. Aliyebaki kumngojea ni mama yake, mzee Burma. Na bado maadui hawakutosheka: mwaka 1913 alikamatwa tena, na ni wananchi waliomtoa. Watu aliowasemea wakati wa shida yao hawakumwacha alipopatwa na yake.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 Toktogul aliishika serikali mpya, akamwimbia hata Lenin. Akafundisha vijana, akiwemo Korgool, na hivyo nyimbo zake hazikupotea ingawa zilikuwa za mdomo. Alifariki mwaka 1933.

Leo jumba la muziki la taifa mjini Bishkek lina jina lake, na picha yake imewekwa kwenye noti ya som 100. Maskini aliyefungwa kwa ajili ya maneno yake sasa yumo mifukoni mwa watu wote!

Vijana wenzangu, Toktogul hakuwa na ng'ombe wala cheo. Alikuwa na ulimi na nyuzi 3. Angeweza kuwasifu wakubwa akala vizuri, kama walivyofanya wengine. Alichagua upande wa wanyonge, na gharama yake aliilipa yeye na jamaa zake. Je, sisi ndimi zetu twazitumia kumsemea nani?