Jack Johnson: Msee Aliyehukumiwa na Magazeti Kabla Hata Kengele Ilie

Siku ingine mkiwa kwa base mnacheki mechi ya Ulaya, sahau mpira kidogo utege masikio kwa mtangazaji. Mchezaji mweusi akipita na mpira utaskia nguvu, utaskia mbio, utaskia mwili. Mlami akipiga pasi ileile utaskia akili, utaskia anasoma mchezo. Si wivu wa mtaa. Mwaka wa 2020 kuna watafiti walikaa chini wakahesabu maneno ya watangazaji kwenye mechi 80 za Uingereza, Uhispania, Italia na Ufaransa, na wakapata ni hivyo tu: sifa za kichwa zinaenda zaidi kwa wenye ngozi nyeupe, sifa za misuli kwa wenye ngozi nyeusi.

Sasa wacha nikupeleke kitambo, kabla ya TV, kabla hata redio itangaze ngumi. Enzi hizo mtangazaji alikuwa ripota wa gazeti. Anakaa kando ya ulingo, anaandika, maneno yanapita kwa waya za telegrafu, na watu wanajazana nje ya ofisi za magazeti kusomewa raundi baada ya raundi. Na kuna jamaa mmoja ambaye maripota hao walimsumbua maisha yake yote. Jack Johnson.

Alizaliwa Machi 31, 1878, Galveston, Texas. Galveston ni kisiwa chenye bandari, fikiria Mombasa lakini ya Marekani. Buda yake na mathee wake wote walizaliwa utumwani. Buda alikuwa anafagia shule, na mguu wake mmoja ulikuwa na shida. Watoto walikuwa tisa. Jack alisoma miaka michache tu akaachia hapo (mimi niliacha college, siwezi kumhukumu) na akaingia bandarini kubeba mizigo. Hapo ndipo ngumi zilimpata. Kulikuwa na mchezo wa aibu ambapo vijana weusi walitupwa ulingoni wote mara moja, wakati mwingine wamefungwa macho, wachapane hadi abaki mmoja, huku matajiri weupe wakiwarushia sarafu. Wengi wa mabondia weusi wa wakati huo walianzia hapo. Johnson pia.

Shule yake ya kweli ilikuwa jela. Hii stori naipenda vibaya. Februari 1901 alikutana na bondia Myahudi kutoka San Francisco anaitwa Joe Choynski, mzee wa kazi. Choynski akamlaza raundi ya 3. Kabla Johnson hajarudiwa na akili, askari wakaingia, juu ngumi za pesa zilikuwa haramu Texas. Wote wawili wakafungiwa pamoja zaidi ya wiki tatu. Ndani huko wakapewa nafasi ya kufanya mazoezi, na yule aliyemlaza akaanza kumfundisha: jinsi ya kukwepa, jinsi ya kudaka ngumi hewani kabla haijafika, jinsi ya kumwacha mtu ajichoshe mwenyewe. Msee aliingia jela akijua kupigana akatoka akijua ndondi.

Na hiyo ndondi yake ndiyo shida inaanzia. Johnson hakuwa wa kurusha ngumi ovyo. Alisimama, akasubiri, akakuacha ukose, ndio akuadhibu. Kabla yake kulikuwa na bingwa mzungu, Jim Corbett, aliyepigana hivyohivyo kwa akili na miguu. Magazeti yalimpamba Corbett kuwa mwerevu kuliko wote waliowahi kuvaa glavu. Johnson akifanya kitu ileile? Mvivu. Mjanja wa vichochoroni. Mwoga. Weka hiyo Corbett kwa kichwa, tutamrudia.

Mwaka wa 1903 Johnson alichukua taji la dunia la uzani wa juu la watu weusi. Ndio, lilikuwa taji tofauti. Lile lenyewe lenyewe lilikuwa la wazungu, na bingwa wake, Jim Jeffries, alikataa katakata kupigana na mtu mweusi kulitetea. Mwaka wa 1905 Jeffries akastaafu bila kushindwa, akaenda shambani. Taji likafika kwa Mkanada mfupi anaitwa Tommy Burns, na Johnson akaanza kumfuata kama mtu anayedai deni. Burns akienda Uingereza, Johnson huyu hapa. Burns akivuka hadi Australia, Johnson naye kwa meli. Hatimaye Burns akakubali, lakini kwa bei: $30,000 mfukoni mwake, Johnson alipwe $5,000.

Desemba 26, 1908, Rushcutters Bay, Sydney, watu karibu 20,000. Johnson alimchapa Burns huku anacheka na kupiga stori. Raundi ya 14 polisi wakasimamisha pambano, na kamera zikazimwa ili dunia isione mzungu akimalizwa.

Kando ya ulingo alikuwa ameketi Jack London. Ndio, huyohuyo mwandishi wa vitabu vya mbwa na theluji, mmoja wa waandishi waliosomwa zaidi Marekani wakati huo. Alikuwa ametumwa na New York Herald. Tumpe haki yake: aliandika wazi kwamba hilo halikuwa pambano, kwamba Burns hakuwa na lolote mbele ya yule mtu. Macho yake yaliona vizuri. Lakini hakuishia hapo. Alimalizia kwa kumwita Jeffries atoke shambani arudi kufuta lile tabasamu kwa uso wa Johnson, tabasamu lenye meno ya dhahabu. Na alikubali hadharani kwamba alikuwa upande wa Burns kwa sababu moja tu, Burns ni mzungu mwenzake.

Hiyo ndio ilikuwa cheche. Magazeti mengine yakadaka, na msako wa Tumaini la Wazungu ukaanza. Kila jitu jeupe lenye kifua lilisukumwa ulingoni. Oktoba 1909 walileta Stanley Ketchel, bingwa wa uzani wa kati, mdogo kwa Johnson kabisa. Raundi ya 12 Ketchel akamwangusha. Johnson akainuka na ngumi moja ikamaliza kazi, na meno ya Ketchel yakabaki njiani.

Basi Jeffries akakubali kurudi. Alikuwa amenenepa, ikabidi apunguze karibu kilo 45. Na yeye mwenyewe alieleza kwamba anarudi kuonyesha mzungu ni bora kuliko mtu mweusi, si kitu kingine. Promota Tex Rickard aliweka mezani $101,000, ganji ya kutisha kwa wakati huo. Gavana wa California akalifukuza pambano kwa jimbo lake, likahamia Reno, Nevada. Tarehe, Julai 4, 1910, sikukuu ya uhuru wa Marekani.

Sasa hapa ndipo wachambuzi walijiachilia. Mamia ya maripota walihamia Reno, London akiwa mmoja wao, na kwa wiki kadhaa wakauza nadharia. Mtu mweusi ana kichwa kigumu lakini tumbo laini. Mtu mweusi ana uoga umejificha ndani, moto ukizidi lazima utoke. Mtu mweusi hafikirii, ukimtusi anapandwa na hasira anasahau mpango. Jeffries naye ana mababu waliojenga ustaarabu, hao watambeba raundi za mwisho. Hata New York Times, gazeti la watu wenye suti, lilikuwa limeonya kwamba Johnson akishinda, weusi wengi watalewa ushindi huo na kudai zaidi ya usawa wa ulingoni. Watu wakaweka doo zao kwa Jeffries.

Unamkumbuka Corbett? Alikuwa kona ya Jeffries siku hiyo, na kazi yake ilikuwa moja. Kumtusi Johnson kuhusu rangi yake, raundi hadi raundi, juu nadharia ilisema mweusi akitusiwa anachanganyikiwa. Yaani yule mwerevu kuliko wote aliamini hiyo kitu. Johnson akamjibu kwa utulivu, akampa hadi stori, huku mkono wa kushoto unaendelea kumfungua Jeffries uso. Raundi ya 15 Jeffries, mtu ambaye hakuwa amewahi kuangushwa, aliangushwa mara tatu. Watu wake wakaingia kumwokoa asihesabiwe.

Kama ingekuwa sinema ingeishia hapo. Usiku huo magenge ya wazungu yaliingia mitaani miji mingi ya Marekani kutafuta weusi waliokuwa wanashangilia. Hesabu nyingi zinataja karibu watu 20 waliouawa, wengi wao weusi. Watu walikufa kwa kufurahi, manze. Na siku mbili baadaye Los Angeles Times ikaandika tahariri ya kuwaambia weusi wasiinue pua, kwamba ushindi wa Johnson haujabadilisha chochote kwao. Filamu ya pambano ikapigwa marufuku miji mingi, hadi Afrika Kusini, na mwaka wa 1912 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za ngumi kuvushwa kutoka jimbo moja hadi lingine.

Na wachambuzi? Usingoje waseme walikosea. Jeffries alikuwa mzee, wakasema. Alikuwa na kutu. Wengine wakadai alitiliwa dawa. Halafu pole pole, miaka ikisonga na mabingwa weusi wakizidi, nadharia yenyewe ikageuzwa kama chapati. Ile ya tumbo laini na uoga ikatupwa, ikaja ya kwamba mtu mweusi amezaliwa hivyo, mwili wake ni wa msituni, kwake ushindi si kazi. Mwaka wa 1941 Dean Cromwell, kocha aliyesaidia timu ya riadha ya Marekani kwenye Olimpiki za Berlin alikokimbia Jesse Owens, aliiweka hiyo kwa kitabu bila aibu. Ukishindwa ni damu yako. Ukishinda pia ni damu yako. Ndio maana mkimbiaji wetu akivunja rekodi leo, mchambuzi fulani lazima akimbilie jeni na miguu myembamba, na ile ya kuamka giza Iten na baridi yake inapewa sekunde mbili.

Turudi kwa Johnson. Huyu hakuwa malaika, tusidanganyane. Alipenda dinga za mbio, suti kali, shampeni na madem. Wanawake aliowapenda wengi walikuwa wazungu, na aliwaoa, na hakuficha. Kwa Marekani ya wakati huo hiyo ilikuwa ngori kuliko kumpiga Jeffries. Pia, akiwa bingwa, aliwakwepa mabondia weusi wakali kama Sam Langford na Joe Jeannette, juu pesa ilikuwa kwa wazungu. Yule aliyefungiwa mlango naye akaufunga nyuma yake. Watu weusi wengi hawakumsamehe kwa hilo, na nadhani walikuwa na haki.

Mwaka wa 1912 mke wake Etta, mzungu, alijiua, na magazeti hayakumpa hata nafasi ya kuomboleza. Serikali nayo ikaingia. Kulikuwa na sheria ya 1910 ya kuzuia biashara ya kusafirisha wanawake kwa ukahaba. Wakamshtaki nayo, si kwa biashara yoyote, bali kwa safari na mpenzi wake wa zamani. Mwaka wa 1913 baraza la wazungu watupu likampata na hatia, kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Akatoroka kupitia Canada hadi Ufaransa, akazunguka dunia miaka saba.

Akiwa huko uhamishoni, Aprili 5, 1915, alipoteza taji Havana kwa jitu linaitwa Jess Willard, raundi ya 26, chini ya jua kali. Willard akatangaza hatapigana na mtu mweusi. Mlango ukafungwa miaka 22. Joe Louis alipoufungua mwaka wa 1937, mameneja wake walikuwa wamempa masharti: asipigwe picha na dem mzungu, asicheke juu ya mpinzani aliyeanguka. Yaani asiwe Johnson, magazeti yasipate pa kushika.

Johnson alijisalimisha mwaka wa 1920, akatumikia kifungo Leavenworth. Na unajua alifanya nini baada ya hapo, huyu mtu asiyefikiria? Alibuni spana iliyoboreshwa, na mwaka wa 1922 serikali ileile iliyomfunga ikamwandikia hataza ya uvumbuzi. Msamaha wa kesi yake ulikuja Mei 24, 2018, ukitiwa saini na Donald Trump, Sylvester Stallone akiwa kando.

Yeye mwenyewe hakuwa hapo kuuona. Juni 10, 1946, akiwa na miaka 68, alikuwa barabarani North Carolina akielekea New York kumwona Joe Louis. Akasimama mahali pa kula. Kwa sababu ya rangi yake hawakutaka kumhudumia kama wateja wengine. Akatoka na hasira, akawasha gari, akakanyaga mafuta. Karibu na Franklinton gari likapoteza njia likagonga nguzo. Alipelekwa hospitali ya watu weusi mjini Raleigh, akafia huko, na akazikwa Chicago kando ya Etta. Siku tisa baadaye, Yankee Stadium, Louis alimlaza Billy Conn raundi ya 8, pambano la kwanza la taji la uzani wa juu kuonyeshwa kwenye TV.