ABU HURAIRA (R.A.), BABA WA KIPAKA



Jina lake unalisikia juu ya mimbari kila mara: Abu Huraira (R.A.). Maulamaa wamehesabu hadithi 5374 zilizopokelewa kwake, na hakuna Sahaba aliyepokelewa nyingi kuliko yeye. Umewahi kujiuliza maana ya jina hilo? Ni Baba wa Kipaka. Jina lake hasa, kwa kauli mashuhuri, ni Abdurrahman bin Sakhr, wa kabila la Daus, Yemen.

Mwenyewe alieleza. Alikuwa akichunga kondoo wa watu wake, naye alikuwa na paka mdogo. Usiku humweka juu ya mti, asubuhi humchukua machungani na kucheza naye. Watu wakamwita kwa paka huyo. (Kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka twakipenda wengi, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tukiache.)

Mwaka wa 7 Hijria (628-629), wakati wa Khaibar, alifika Madina. Hakuwa na shamba wala biashara. Alikaa Suffa, pale msikitini walipolala masikini, akamfuata Mtume (S.A.W.) apate elimu na tonge. Alikuwa akifunga jiwe tumboni. Mara nyingine alianguka kati ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (R.A.), mpita njia akamwekea mguu shingoni, akidhani ana wazimu. Kumbe ni njaa tu.

Sasa angalia, ndugu yangu. Mtu huyo ni mmoja wa waliotufikishia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vidudu vya ardhini, mpaka akafa. Ni yeye pia aliyetupa habari ya kahaba wa Bani Israili aliyemwona mbwa akizunguka kisima kwa kiu. Akavua kiatu, akakifunga kwa ushungi wake, akamtekea maji, akasamehewa.

Wewe unayefuga paka akulindie unga, jioni unamwachia nini? Au unamfungia stoo ukisema atakula panya, na panya wenyewe hawamo? Na watoto wanaomfunga kamba na kumpiga mawe nyuma ya msikiti, nani anawakataza?

Baadaye Sayyidna Umar (R.A.) alimpa uongozi wa Bahrain. Alifariki karibu mwaka wa 59 Hijria (678), akazikwa Baqii, Madina, na watu wangali wakimwita kwa yule kipaka wa machungani. Mwenyezi Mungu amridhie.