Heinrich Hertz: mtu ambaye jina lake liko kwenye boksi la spika yako

Msikilizaji, umetoka Mwanza na spika janja mpya. Umefika nyumbani Chato, umeichomeka kwenye umeme, simu yako inashika Wi-Fi bila tabu, lakini spika inagoma. Kabla hujairudisha dukani au kumlipa fundi, soma maandishi madogo kwenye boksi lake. Kuna spika nyingi zilizoandikwa 2.4 GHz tu. Herufi mbili za mwisho, Hz, ni kifupi cha jina la mtu. Huyo ni Heinrich Hertz, Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita, na kazi yake inaeleza kwa nini spika yako imekwama.

Hertz alizaliwa Februari 22, 1857, katika mji wa bandari wa Hamburg. Baba yake alikuwa mwanasheria. Kijana huyo alipenda vitabu na alipenda kazi za mikono pia, jambo lililomfaa baadaye alipohitaji vifaa ambavyo havikuwepo dukani. Alianza kusomea uhandisi, akahamia fizikia, na mwaka 1880 akapata shahada ya udaktari mjini Berlin.

Mwaka 1885 alikwenda Karlsruhe kuwa profesa, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu mahesabu ya Mskochi James Clerk Maxwell, aliyesema kuwa umeme unaweza kutoa mawimbi yanayosafiri hewani kwa kasi ya mwanga. Maxwell alifariki mwaka 1879 bila mtu yeyote kuyathibitisha mawimbi hayo.

Kati ya mwaka 1886 na 1888 Hertz aliyathibitisha. Upande mmoja wa chumba alirusha cheche za umeme. Upande wa pili aliweka kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo sana, bila waya wowote kuviunganisha. Cheche iliporuka huku, kicheche kingine kiliruka kule. Kilikuwa hafifu kiasi kwamba ilimlazimu kukitazama gizani.

Hakuishia hapo. Aliweka bati kubwa la zinki ukutani, akaona mawimbi yanadunda na kurudi. Akisogeza kitanzi kidogo, cheche ilipata nguvu. Akikisogeza tena, ikapotea. Alifunga mlango wa mbao, mawimbi yakapita. Alikinga kwa bati, yakakatika. Hata msaidizi wake alipokatiza katikati, cheche ilizimika.

Hayo ndiyo yanayotokea nyumbani kwako. Ruta ikiwa nyumba kubwa na spika ikiwa jikoni penye kuta za mabati, mawimbi yanakingwa kama yalivyokingwa Karlsruhe. Kusogeza spika hatua moja au mbili kunaweza kutosha.

Jambo la pili ni namba. Hezi moja ni wimbi moja kwa sekunde. Redio ya FM hutumia megahezi, yaani mawimbi mamilioni kwa sekunde. Wi-Fi ya nyumbani hutumia gigahezi, yaani mabilioni, na mara nyingi iko ya 2.4 na ya 5. Kama vile redio yako haiwezi kunasa kituo hiki ukiwa umeiweka kwenye masafa mengine, spika inayojua 2.4 peke yake haiioni kabisa Wi-Fi ya 5. Simu nyingi za sasa zinajua zote mbili, ndiyo maana simu inashika na spika inagoma.

Basi fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, au ya hotspoti kama intaneti yako inatoka kwenye simu, uchague gigahezi 2.4. Hakikisha nenosiri, herufi kubwa na ndogo. Weka spika karibu na ruta, zima vyote viwili, kisha washa ruta kwanza. Kama simu ndiyo hotspoti, tumia simu ya pili kuiunganisha spika, maana mara nyingi simu moja haifanyi kazi zote mbili.

Hertz mwenyewe hakuona faida ya haya. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa mawimbi yake yatatumika kwa nini, alijibu kuwa hayana matumizi yoyote. Mwaka 1889 alihamia Chuo Kikuu cha Bonn. Mwaka 1892 alianza kuugua, akafanyiwa upasuaji, lakini hakupona. Alifariki Januari 1, 1894, akiwa na miaka 36, akiacha mjane na mabinti wawili wadogo. Mwaka uliofuata, Guglielmo Marconi wa Italia alikuwa tayari anatuma ishara kwa mawimbi hayo hayo, na kutoka hapo ikazaliwa redio.

Miaka ya 1930 mjane na mabinti wake walihamia Uingereza kuukimbia utawala wa Hitler, kwa sababu ukoo wa baba yake Hertz ulikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1960 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliidhinisha rasmi jina lake kuwa kipimo. Hertz hakuwahi kusikia redio, lakini kila tunapokutajia masafa yetu, tunalitaja jina lake.